Siku Mfasiri Alipozima Maikrofoni

Yule mzee aliyekuwa akitufasiria filamu za Kihindi pale Msambweni ametutoka. Habari ilinikuta Galu, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli ninakofanya kazi, nimeshika shuka upande huu na mwenzangu ameshika upande ule, tunaikunja. Binamu yangu akapiga simu, akauliza, “Umeketi?” Nikamwambia sijaketi, niko kazini. “Basi ketini wote. Mfasiri hayupo tena. Anazikwa baada ya Alasiri.” Nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mwenzangu, ambaye ni mtu wa bara na hakuwahi kumjua, akaniuliza, “Ni babako?” Hakuwa babangu, hakuwa ami wala mjomba. Mimi nilikuwa mtazamaji wake tu. Lakini ile shuka niliikunja vibaya mara tatu, mwishowe mwenzangu akaninyang'anya akasema, “Enda tu, hizi nitamaliza.” Nikaenda.

Kwa wale wasiomjua, marehemu alifanya kazi miaka mingi katika duka la vitambaa la Mhindi huko Mombasa, na aliporudi nyumbani hakurudi na mali, alirudi na Kihindi. Akajenga kibanda cha mabati chenye paa la makuti, akaweka runinga, deki ya video na spika moja iliyopasuka, akasimama pembeni ya kioo na maikrofoni yake kutufasiria. Kufasiri kwenyewe kulikuwa tamasha. Mke alimpa sauti nyembamba, jambazi alimpa sauti ya kikohozi, na polisi wa Bombay alimwambia mwizi, “Simama hapo, ama nitakuburura kwa miguu mpaka Kombani!” Alhamisi baada ya Alasiri ilikuwa siku ya kina mama. Wanaume hawakuruhusiwa hata kuchungulia. Tulitandika mikeka, tukaja na watoto wachanga, viazi karai na maneno yetu. Na kila Alhamisi kabla ya kuanza alitukumbusha sheria yake: “Katikati nitatia chumvi, nitatia pilipili na ndimu. Mwisho sitii mkono. Mwisho ni amana ya watu.” Nasi tulimwamini, kwa sababu hata siku ile stelingi alipokufa, na sote twajua stelingi hafi, alitwambia hivyo hivyo kavu, ingawa wanawake watatu walitoka bila ya kumuaga.

Siku ninayotaka kuwasimulia alituletea filamu ya kutisha. Haikuwa na wimbo hata mmoja, na hilo peke yake lilizua manung'uniko. Mwanamume anamuaga mkewe, anasafiri kikazi, kisha kimya. Kila mwezi kifurushi kinaachwa mlangoni bila jina. Na kila mke akitoka, kuna mtu wa koti la mvua na helmeti ya pikipiki anayemfuata, uso hauonekani. Mara breki za gari la mke zimekatwa. Mara gesi imeachwa wazi jikoni. Mfasiri alikuwa na desturi ya kuisimamisha filamu ikikaribia kwisha na kutuuliza, “Haya, ni nani?” Tukapiga kelele. “Mwenye nyumba! Hamumuoni macho yake?” “Daktari! Mwanamume anayecheka peke yake si mzima yule!” Bibi mmoja wa nyuma akasema ni paka wa jirani, tukacheka mpaka watoto wakaamka.

Mkeka wa mbele kabisa waliketi wawili ambao mji mzima uliijua habari yao. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo yangu, ambaye mumewe alikwenda Uarabuni kufanya kazi. Miaka miwili alipiga simu, miaka minne iliyofuata hakupiga. Wa pili alikuwa mama mkwe wake, mama mzazi wa huyo mume. Jumamosi ya juma lilelile wazee walikuwa wakutane kuamua kama bibi huyu apelekwe kwa Kadhi, ndoa ivunjwe, naye aanze maisha yake, ama aendelee kungoja. Mama mkwe alikuwa akilia nyumba hadi nyumba mwanawe aongezewe mwaka mmoja tu. Na juu ya hayo yote walikuja pamoja kutazama video, wanakula viazi vya sahani moja. Picha ilipofika kwenye vifurushi, yule mke wa mkeka wa mbele alishika ncha za leso yake akazivuta kwa mikono miwili. Mtu wa helmeti alipotokea ngazini, akapaza sauti mbele yetu sote, “Vua basi! Vua tukuone!” Jirani yangu mkekani akaninong'oneza, “Maskini, anamtamani wake.” Hata mimi niliona hivyo, na machozi yakanitoka.

Basi akavua. Akawa ni mume mwenyewe. Kibanda kizima kiliruka kama mkeka umepitiwa na nyoka. Mume yule analia, anaunyosha mkono, anasema maneno machache, pengine kumi. Mke anarudi nyuma hatua moja. Upepo unaubamiza mlango. Picha imekwisha. Nasi tulikuwa tumegeuka kumtazama Mfasiri, tunangoja sauti, na maikrofoni ikatoa mlio mdogo, tik, kisha kimya. Alikuwa ameizima. Hajawahi. “Kasema nini?” tukauliza. “Mfasiri, kasema nini?” Akanywa maji, akasema koo limemkauka. “Leo kila mtu aende nyumbani na mwisho wake,” akatwambia, akaanza kukunja nyaya.

Wallahi, sijapata kuona tena jambo kama lile. Sote tulitazama kioo kimoja, uso mmoja, mkono mmoja ulionyooshwa, tukatoka mlangoni na filamu arubaini. “Ndiye aliyekata breki, kinyama kile!” “Ala! Amekuja kumlinda, kajifunika asijulikane!” “Huyo ni mzuka, alikufa zamani, ndiyo maana mlango ulijifunga.” “Ni pacha wake,” akasema yule bibi wa paka, naye aliapa kabisa. Muuza mahamri akagombana na dada yake wa tumbo moja, siku tatu hawasemezani. Nilistaajabu, na bado nastaajabu: huyu aliyesema mume ni muuaji, wake alikuwa akimpiga, nasi tulijua. Aliyesema amekuja kumlinda alikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja. Mimi niliyekuwa msichana wa ndoto, niliyeacha shule kidato cha pili nikajiambia nitatengeneza filamu zangu siku moja, niliona mapenzi matupu. Kila mmoja aliingia na maneno yake kifuani, akampa yule mwanamume ayaseme. Lakini aliyetoka na furaha kupita wote alikuwa mama mkwe. “Mmeona?” alisema, anatushika mikono mmoja mmoja. “Karudi! Mwanamume alikuwa njiani siku zote!” Akaichukua kama dalili. Kufikia Ijumaa kila nyumba ilikuwa imesikia, na Jumamosi wazee hawakukutana. Yule mke aliikunja leso yake, akasema, “Nitangoja.” Tukamsifu kwa subira. Mungu atusamehe sifa zile.

Yaliyofuata sikuyajua mpaka matangani juma hili. Nilikaa na wanawake uani tukichambua mchele wa hitima, na aliyekuwa ameshika upande wa pili wa sinia langu alikuwa ni yeye, yule mke wa leso. Nikamwambia, sijui hata kwa nini, “Dada, mimi mpaka leo sijui yule bwana wa filamu alisema nini.” Akanitazama. “Mimi najua,” akasema. “Nilikwenda kumuuliza.” Alikaa miezi minne, akasema, hali vizuri, halali vizuri, kisha asubuhi moja akajikaza akaenda kibandani. Alimkuta mzee anapangusa vumbi kwenye runinga. Shikamoo, marahaba mwanangu. “Baba, alisema nini?” Mzee hakuuliza nani, wala filamu gani. Akaweka kitambaa chini. “Alisema: sikusafiri hata siku moja. Nilikuwa mtaa wa pili. Nilikuchoka, basi.” Akaongeza kwamba aliyaona maneno yanakuja, akamuona na yeye pale mbele amejikunjia leso, na mama wa mtu yuko ubavuni pake, ulimi ukamgoma. Kubadilisha hakuweza. Kusema hakuweza.

“Nikaketi kitako nikacheka,” akaniambia. “Nilicheka mpaka akadhani nimepata wazimu. Nikamwambia, baba, miaka minne watu wananipa maneno mawili tu: amekufa, ama amefungwa. Nilikuwa nangoja kiumbe mmoja tu aseme mbele ya mkwe wangu kwamba mtu aweza kuwa mzima, yuko huru, na asirudi kwa sababu hataki. Ndiyo maana nilimpigia kelele avue. Nilijua ni yeye. Nilitaka mkwe wangu asikie, nami nipate ulimi wa kusema nimechoka.” Mzee wa watu akashika kichwa. “Nilidhani nakukinga na moto, mwanangu,” akasema. “Kumbe nimekufungia mlango.”

Hapo wengi wetu tungeomba radhi tukaachia hapo. Mzee alivaa kanzu yake, akatia kofia, akaenda naye hadi nyumbani kwa mama mkwe mchana ule ule. “Bi mkubwa, nimekuja kutubu. Ile filamu sikuimaliza.” Akamweleza mwisho kwa sauti yake mwenyewe, bila sauti ya jambazi wala ya nani. Mama yule akauliza, “Na mama yake yule mwanamume, yuko wapi humo ndani?” Mfasiri akajibu, “Hayumo, bi. Hawakumtia.” Mama akasema, “Ndiyo. Wangelimtia wangelimuona anavyomtetea mwanawe. Mwanangu ana mikono na ana simu. Nami nimemuweka mtoto wa watu rehani ili yeye arudi.” Jumatatu alimchukua mkwe wake mwenyewe, akampeleka kwa Kadhi, akasimama shahidi.

Nilikuwa nimeacha kuchambua. Sauti ikatoka upande wa majiko: “Usimweleze yote huyo, ataandika gazetini kama kawaida yake!” Nikageuka. Ni mama mkwe mwenyewe, amekunja mikono ya dera, anakoroga sufuria ya pilau kubwa kuliko yeye. “Nitaandika, bibi,” nikasema, “ila sitataja jina la mtu.” Akafikiri. “Andika basi kwamba siku ile ya Kadhi nilivaa buibui jipya. Watu wasidhani nilikwenda nimejichokea.” Nimeandika, bibi. Na wale wawili, ambao sheria haiwaunganishi tena kwa lolote, nikawaona wanabishana kuhusu chumvi kama mama na binti. Mume hajulikani aliko mpaka leo. Hakuna anayemuulizia.

Siku hizi kibanda kile ni cha kuchaji simu. Filamu tunazo mikononi, kila mtu na zake na vidude vyake masikioni, na maandishi ya kufasiri yanapita chini ya picha bila kujua nani ameketi mbele. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe hutazama kitandani nikirudi kazini, na ndoto yangu ya kutengeneza filamu haijafa, inalala tu mchana. Lakini maandishi yale hayawezi kunyamaza kwa ajili ya mtu, wala hayawezi kuvaa kanzu yakaenda kumtafuta. Nilikuwa nikidhani fundi wa filamu ni yule anayejua kutushtua dakika ya mwisho. Sasa nadhani mshtuko wa filamu ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa kugundua kwamba mtu uliyekaa naye mkeka mmoja alikuwa akiombea mwisho mwingine kabisa, na wewe ukalia kwa niaba yake machozi asiyoyahitaji.

Basi ndugu zangu, nililoondoka nalo matangani ni hili. Tunapompenda mtu tuna haraka ya kumchagulia la kusikia. Tunamficha barua, tunamkatia habari katikati, tunamwambia koo limekauka, na mioyoni tunajiona wema. Hatumuulizi yeye anangoja nini. Ukiwa na neno la mtu, mpe, na kama litamchoma, kaa hapo hapo naye linapomchoma. Ukiwa umelizuia kwa huruma, usione haya kulipeleka likiwa limechelewa. Mzee wetu alichelewa miezi minne, akaenda kwa miguu yake, na mwanamke mmoja akapata maisha. Mungu amrehemu.