Kichwa cha Mchungaji

Kinyozi mmoja, baba wa mapacha, alisifika mtaani kwa mkono mwepesi, mpaka pombe ilipoutia mtetemeko. Wateja wakamkimbia. Mkewe akampeleka kwenye nyumba ya kanisa wanakoishi watu wanaojitahidi kuacha ulevi. Huko alisali alfajiri, akadeki, akapika, akaimba kwa sauti ya kukwaruza. Jambo moja tu alilikataa katakata: kushika mashine ya kunyolea.

Siku moja mchungaji anayeiongoza nyumba ile alivuta kiti uani, akajifunga taulo shingoni.

“Ninyoe, fundi.”

“Mchungaji, mikono haijatulia. Nitakuharibu.”

“Niharibu tu, baba. Nywele zitaota.”

Akamnyoa huku jasho likimchuruzika na wenzake wakivunjika mbavu. Kichwa kilitoka na mabaka matupu. Jumapili mchungaji alipanda mimbarini bila kofia, akamtambulisha kinyozi wake kwa maringo. Kinyozi alicheka hadi akatokwa na machozi, halafu akajikuta analia kweli.

Tangu hapo akawa ananyoa nyumba nzima. Aliporudi kwake alifungua tena kibanda, na mapacha wakagombania kiti, kila mmoja akitaka kutangulia.