Bakteria Niliowachemsha

Kaka yangu hakunificha. Alisimama ukingoni mwa kidimbwi changu kule Njiru, akawatazama tilapia waliokuwa wakielea matumbo juu, akasema, "Dada, wakiendelea kufa hivi, tunafukia. Hapa tutajenga nyumba za kupangisha kama watu wengine."

Ploti ni ya marehemu baba, na yeye ndiye mkubwa. Moyoni nilikuwa natokota. Kidimbwi kile nilikichimba baada ya kuachishwa kazi ya ukarani mjini, nikakitandika karatasi la plastiki kwa mikono hii hii. Sikuwa na kazi nyingine. Wapangaji wangeniletea nini mimi, isipokuwa kelele za choo kuziba?

Nikaenda kwa mama anayetuuzia chakula cha samaki, akanipa pakiti ya unga. "Humu mna bakteria wazuri," akanieleza. "Wanakaa kwenye utumbo wa samaki, wanashika nafasi zote. Wale wabaya wakija wanakuta pamejaa. Koroga na maji, nyunyizia chakula, kianike kivulini, kisha uwape."

Kufika nyumbani, jirani yangu anayeuza sukuma wiki langoni akaniuliza nimebeba nini. "Dawa ya samaki," nikamjibu. Neno hilo ndilo lililoniponza. Mimi nimelelewa Eastlands, na kwetu dawa ya unga hukorogwa kwa maji yaliyochemka. Kipindupindu kilitufunza adabu. Maji ambayo hayajachemka hatuyaamini hata ya kusukutua. Basi kila asubuhi nilikuwa nachemsha maji mpaka kifuniko kinacheza, nakoroga unga wangu humo, najiona daktari kabisa. Samaki nao wakawa wanakufa tu. Jirani akanicheka, "Mathe, hao wako wanataka maombi, si dawa."

Siku moja hasira zikanipanda. Nikafunga leso niende nikamwambie yule mama wa chakula cha samaki maneno yake. Lakini nilikuwa na maziwa jikoni ya kutengeneza mala, yaani maziwa ya mgando, yamechemka sasa hivi tu, na jirani alikuwa amekuja kupiga gumzo. Akachukua kikombe cha mala ya jana, ile ya kuchachushia, akataka kuimimina kwenye sufuria.

"Wee! Ngoja yapoe!" nikamkemea. "Ukiweka sasa utaiua, hayatashika!"

Maneno yangu mwenyewe yakanirudia. Ngai wangu! Mala ninaijua tangu utotoni, najua kabisa ile ya kuchachushia ina uhai wake, halafu nachukua viumbe hai nawapikia supu kila asubuhi! Nikakaa kwenye stuli nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Jirani akadhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, alicheka kunishinda, akaenda kusimulia mtaa mzima.

Tangu siku hiyo neno dawa lilipigwa marufuku kwangu. Bakteria wale tukawaita wapangaji. Maji nilichemsha kama kawaida, sikuacha tabia yangu, ila niliyaacha yapoe kabisa ndipo nikaweka unga. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu wale samaki waliokuwa wamezubaa pembeni wakaanza kukifuata chakula. Madoa mekundu waliyokuwa nayo ubavuni yakafifia. Asubuhi nikawa naenda kidimbwini roho mkononi, nakuta maji matupu, hakuna anayeelea. Haki nilifurahi, nikawa naimba nikipiga deki.

Kaka hakuwa na habari hizo. Mvua zilipoanza, akafika na lori limejaa murram, ule udongo wa changarawe wa kufukia, hata hodi hakupiga. "Leo tunamaliza hii mambo," akasema.

Sikubishana naye. Nilichota chakula, nikakirusha katikati ya kidimbwi. Aah! Maji yalichafuka ukingo hadi ukingo, samaki wakigombania, migongo minene inapita juu ya migongo, kaka akarushiwa maji mpaka kwenye suruali. Dereva akaruka kutoka kwenye lori. "Mama, nifungie watatu wakubwa wakubwa!"

"Ni wale wale?" kaka akaniuliza.

"Ni wale wale. Na wapangaji wako ninao tayari, wako tumboni mwao."

Akanitazama, akatazama maji, akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akamgeukia dereva. "Mwaga hiyo murram pale njiani, kuanzia kwa geti mpaka hapa kwa kidimbwi," akasema. "Matope yakizidi, wateja wa dada yangu watapitia wapi?"