Revenant, swali la saba

Tangu saa mbili asubuhi Micheline hatulii. Anakaa, anasimama, anaenda dirishani, anarudi mezani. Chumba cha walimu chote kilikuwa kimemchoka. Miaka kumi na moja anafundisha Kifaransa hapa Goma, na leo karatasi moja tu inamkosesha raha.

Interogasio yenyewe, jaribio la Kifaransa, ilikuwa nyepesi. Hadithi ya kale ya kutisha, kurasa tatu: mvuvi anazama, wanamlia, matanga yanaisha. Jioni moja mkewe anasikia nyayo zilizolowa maji zikipanda ngazi. Ni revenant, mfu aliyerudi. Mke anazima taa. Swali la saba: kwa nini alizima taa? Jibu lilipigwa chapa na prefe mwenyewe, mkuu wa shule: kwa sababu ya woga.

Wanafunzi thelathini na nane waliandika woga. Igihozo, binti aliyetoka kijiji cha Kibumba, akaandika: "Ili majirani wasimwone papa akiingia. Kisha akamkaushia nguo." Papa, yaani baba; hakuandika mvuvi.

Haya sasa! Igihozo alikuwa na pointi nane. Swali la saba lina pointi mbili, na asiyefika kumi hapandi mwaka wa sita. Mama yake ameshasema: ukirudia darasa, masomo basi, tutauza wote samaki sokoni Kituku. Na prefe anataka karatasi saa sita kamili.

Walimu wengine walipoenda madarasani, Micheline akamwita binti.

"Igihozo, revenant ni nani?"

"Ni mutu mwenye anarudia, madame. Si neno lenyewe linasema?"

"Anarudia kutoka kwa wafu, mutoto wangu!"

"Walisema tu amekufa. Mwili hawakuuona." Igihozo aliangalia mlango. "Na kama kuna watu wanamutafuta, madame, wewe utawasha taa? Hata sisi tulikaa matanga, watu wakalia, na usiku mmoja mama alizima ta—"

Akajiziba mdomo.

"Inatosha," akasema Micheline. "Usiniambie lingine. Usimwambie mutu."

Akaweka pointi mbili kwenye swali la saba. Binti hajafika uani, prefe huyo akaingia. Papa Wenceslas si mtu mbaya, ila anapenda kuchimba, na akichimba haachi. Akaokota karatasi ya juu. Ya nani? Ile ile!

"Pointi mbili kwa upuuzi huu? Nguo za mfu zinakaushwa? Muite huyu mutoto anieleze mawazo haya ameyatoa wapi."

"Usimwite, Papa Prefe. Kosa ni langu. Neno revenant niliwafundisha vibaya. Niliwaambia ni mutu anayerudi nyumbani."

"Na hawa thelathini na nane?"

"Hao hawakunisikiliza."

"Miaka kumi na moja, madame, na neno hilo hulijui?"

"Silijui," akasema Micheline, na uso ukamuwaka kwa aibu, maana neno hilo alilijua tangu ana miaka kumi na mbili.

Prefe akaandika kwenye faili la Micheline: mwalimu hamudu msamiati. Micheline akatia sahihi. Kumi juu ya ishirini ikabaki.

Saa saba akagawa karatasi. Igihozo aliona kumi yake, akacheka, machozi yakamtoka. Micheline akainama juu ya dawati la binti, kidole kwenye swali la saba, sauti ya chini kama anayesahihisha herufi.

"Mwambie mama," akasema, "nguo za papa asizianike nje."