Dereva Anayeishuka Njia ya Mawe kwa Miguu Kwanza

Kunapambazuka, na Taratibu amechuchumaa kando ya gari lake kuukuu, anapunguza upepo wa matairi. Huku juu mlimani tairi gumu huteleza kwenye mwamba, lililolegea hushika. Kwenye kiti cha nyuma amelala mjamzito, uchungu umemshika tangu jana, na mtoto amekaa vibaya. Hospitali iko bondeni.

Nusu ya safari, anazima injini na kutia jiwe mbele ya gurudumu. Kuanzia hapo njia ni ngazi ya mawe: kulia ukuta wa mwamba, kushoto hakuna kitu kabisa.

"Sasa unashuka kwenda wapi, mzee?" anafoka mume wa mgonjwa. "Mke wangu anakufa!"

"Ndiyo maana nashuka, mwanangu. Mshike mkono."

Kwa miaka ishirini na miwili hajapitisha gurudumu mahali ambapo hajapakanyaga mwenyewe. Abiria ndio waliombandika jina hilo la Taratibu. Husema ukitaka kuwahi harusi, panda gari lake siku ya kuposa. Yeye hucheka nao, halafu anashuka tena.

Leo, kwenye kona, anakuta jiwe kubwa limeporomoka na kukalia ukingo. Bampa likiligusa tu, ukingo wote unakwenda nalo. Anamwita yule mume. Wanalisukuma kwa nondo kidogo kidogo hadi ukutani, jasho likiwatiririka. Kijana hafoki tena.

Kisha gia ya chini kabisa, jiwe kwa jiwe.

"Breki huku ni adui," anasema. "Ukiikanyaga kwa pupa, mnateleza wote."

Kabla ya adhuhuri, kule hospitalini, mkunga anatoka wodini akitabasamu: mtoto wa kike, mama mzima. Taratibu anakaa kwenye benchi, mikono inamtetemeka. "Njiani hii mikono haina shida," anasema. "Ikishafika salama ndiyo inaanza fujo zake."

Yeye hawatozi wajawazito nauli, ingawa seti moja ya matairi haimalizi mwaka. Na kila anapopanda, hubeba bure mfuko wa saruji wa wodi ya wazazi inayojengwa kijijini kule juu. Kuta zimefika madirishani.

"Watu wanadhani naipenda hii njia. Nikibeba viazi, sawa. Mjamzito, hapana, roho inaniruka. Natamani siku moja niambiwe mtoto kazaliwa kule juu, na mimi nilikuwa nimelala zangu, hakuna aliyenigongea mlango."