Muhula Mmoja Katika Stoo ya Mahindi

Chumba kile kilinuka magunia. Hata baada ya kufagiliwa na kupigwa deki mara tatu, harufu ya mahindi makavu na maharagwe yaliyobunguliwa ilibaki kwenye kuta, na joto lilipozidi ilichanganyika na harufu ya mkojo, kwa sababu watoto wawili kati ya sita waliosoma humo hawakuwa wamezoea kwenda choo. Ilikuwa stoo ya chakula cha mchana katika shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Msambweni, yenye dirisha moja la nondo na mlango wa bati. Nilikaa humo muhula mzima wa pili nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, ingawa darasa langu lilikuwa la tano, upande wa pili wa uwanja. Nilikaa kwa ajili ya mdogo wangu Saumu, aliyekuwa na miaka minane na hakuwa amesema neno hata moja tangu azaliwe.

Nyumbani hatukuwa na jina la hali yake. Bibi alisema ni shetani wa kurithi, na baba alisema mtoto amedekezwa. Saumu hakumtazama mtu usoni. Mashine ya kusaga unga ilipowashwa kwa jirani, aliziba masikio na kujigonga ukutani mpaka paji la uso likavimba. Alichokipenda ni vifuu vya nazi. Alivipanga mstari mmoja kutoka jikoni hadi uani, kuanzia kidogo hadi kikubwa, na mtu akikisogeza kimoja alilia kutwa. Alifukizwa ubani, akachanjwa kifuani, akanyweshwa maji ya kombe, yaliyooshewa maandishi ya dua. Mama alikuwa akisuka makuti ya kuezekea mahoteli ya Galu, na alipokwenda kuyakusanya alimfunga Saumu mguu kwa leso kwenye tendegu la kitanda ili asipotee. Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli mojawapo ya huko, akirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kila aliporudi aliitazama ile leso, kisha akatazama pembeni.

Mwalimu Mwende alikuja kwetu kwa miguu, juani, akiuliza nyumba hadi nyumba kama kuna mtoto asiyepelekwa shule. Alikuwa mtu wa bara, mke wa mpishi wa hoteli, na Kiswahili chake kilikuwa cha mkato, lakini alimwamkia bibi shikamoo na akangoja kuitikiwa kabla ya kuketi. Mama alimwambia hakuna mtoto mwingine. Papo hapo Saumu akapiga yowe chumbani. Mwalimu hakumuumbua mama. Aliomba maji, akayanywa polepole, kisha akaomba amsalimu huyo mtoto. Aliingia akaketi sakafuni, mbali naye kidogo, akakaa kama nusu saa bila kumgusa wala kumsemesha. Alipotoka alimweleza mama kwamba mwalimu mkuu amempa stoo aifanye darasa, na kwamba angefurahi Saumu akija Jumatatu. Jumatatu tulikwenda, lakini kila nilipogeuka kuondoka Saumu alijitupa chini, ndipo ikaamuliwa nami nikae humo mpaka atakapozoea.

Nilitazamia ubao na fimbo. Havikuwepo. Mwalimu alitandika mikeka sita, akaweka katikati beseni la mchanga, beseni la maji, kunde na mbaazi zilizochanganywa, vifuniko vya soda, kamba za makumbi, na rundo la vifuu. Hakumwambia mtu afanye nini. Alingoja aone mkono wa kila mtoto unaelekea wapi, kisha akaketi naye hapo. Saumu alivifuata vifuu, akapanga mstari wake. Mwalimu akapanga wa kwake kando, hivyo hivyo, kila siku, karibu mwezi mzima. Niliona ni upuuzi. Kisha asubuhi moja Saumu alinyoosha mkono, akatoa kifuu kwenye mstari wa mwalimu, akakiweka kwenye wake, akangoja. Mwalimu naye akatoa kimoja kwenye wa Saumu. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba yale ni mazungumzo, na kwamba ndiyo ya kwanza.

Baada ya hapo Saumu alihamia kwenye maji. Alijifunza kumimina kutoka chombo kikubwa hadi kidogo bila kumwaga, kisha kumpa mwenzake kikombe, kisha kukidai. Ilikuwa karibu na mwisho wa muhula, kengele ya kwenda nyumbani imekwisha kulia, nami nikamshika mkono kumtoa kwenye beseni kwa nguvu, maana nilitaka kuwahi. Akautoa mkono wake kwenye wangu akasema, "Bado." Lilikuwa neno zima, lililotamkwa vizuri, kwa sauti nzito ambayo hatukuijua. Mama aliposikia habari ile alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Siku kumi na moja za kwanza Saumu alisema bado kwa kila kitu, kwa kuoga, kwa kulala, kwa uji, na hakuna aliyemkemea. Hata baba alipokuja alimkaribisha chakula mara tatu ili amsikie akikataa.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini wakati Saumu alipokuwa akipata neno, mimi nilikuwa nikipoteza mahali pangu. Kwa wenzangu wa darasa la tano nilikuwa nimekuwa mmoja wa wale wa stoo. Walinikimbia wakati wa mchezo na kuniita mwalimu wa vichaa. Zainabu, niliyeketi naye dawati moja tangu darasa la kwanza, alihamisha vitabu vyake. Katika mtihani wa muhula nilishuka kutoka nafasi ya tatu hadi karibu mwisho, na baba akaniuliza mbele ya wageni kama nami nimeambukizwa. Nilikuwa nimechoka kunuka magunia. Nilitaka kurudi kwa watu.

Wakati huo wazazi walikuwa wamelalamika kwamba mahindi yao yananyeshewa kwenye veranda huku stoo ikichezewa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini kabla ya kikao cha kamati ya shule. Hakuwa mtu mkali. Alinipa kiti, jambo ambalo mwanafunzi hakulitazamia, akaniambia niseme ukweli na kwamba hakuna atakayenikasirikia.

"Mle ndani mnasomeshwa nini?"

"Hatusomeshwi, mwalimu. Tunacheza tu."

"Na Mwalimu Mwende je, hufanya nini?"

"Hukaa akatutazama."

Aliyaandika. Kila neno nililosema lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kuusema. Nilijua. Nilikuwa nimeviona vile vifuu viwili vikibadilishana mahali.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, magunia yalikuwa yamerudi ndani na kufuli limewekwa. Mwalimu Mwende alihamishiwa upande wa Kinango. Siku ya kuaga alinipa mkono kama mtu mzima. Saumu alitiwa darasa la kwanza, ambamo watoto walikuwa wengi hata wengine wakaandika wakiwa wamepiga magoti. Aliambiwa asimame, akasema bado, akachapwa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Wiki ya pili neno likaisha, na halikufuatwa na jingine. Alianza kutoroka kwenda kulala mbele ya mlango wa stoo, akilikwaruza bati mpaka kucha zikatoka damu. Mama akamweka nyumbani. Akatoka nyumbani pia, akavuka peke yake barabara ya Lunga Lunga akielekea shule, na lori likasimama hatua mbili tu kutoka kwake. Dereva alimleta amembeba. Jioni ile mama aliitoa leso sandukuni.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, na Saumu anaishi nami. Mwaka jana nilimtafuta Mwalimu Mwende nikampata Kinango, katika shule ambayo maji huletwa kwa punda. Amezeeka. Hakupewa tena darasa kama lile. Anafundisha hesabu darasa la sita kwa kitabu. Nilimweleza nilichosema ofisini.

"Nilijua," akasema. "Mwalimu mkuu alinisomea karatasi siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza, wala kunikaripia.

"Ningekuuliza nini? Nilingojea kila mtoto mle ndani aonyeshe anachotaka, wewe nikakuacha. Wewe pia ulikuwa mtoto, nami sikukuona."

Sikupata nafuu kwa maneno yale, na sidhani kama alikusudia kunipa.

Siku hizi shule jirani na kwangu ina kitengo maalumu, chumba chenye madirisha mapana na mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Neno usonji, jina la hali ile ya Saumu, hutajwa redioni, na wazazi hulitamka bila kunong'ona. Nilimpeleka Saumu, na yule mwalimu kijana akanieleza kwa adabu kwamba nafasi ni za watoto. Saumu ana miaka ishirini na minne. Kabla hatujaondoka niliona msichana wa miaka kama minane akifunga vifungo vya shati lake. Alikosea, akafungua, akaanza tena, na mwalimu ameketi sakafuni mbele yake, anangoja. Huenda alingoja robo saa. Mimi hufanya kazi ya udobi hotelini na gari la wafanyakazi hupita saa kumi na mbili kamili. Kila asubuhi Saumu husimama mbele yangu, vidole vyake vimetulia, navyo ni vidole vizuri, vyepesi, vinavyoweza. Nami humfunga vifungo vyote saba haraka haraka, kisha nikatoka.