Mgonjwa Niliyekuwa Nikimwamsha

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye kituo cha afya kimoja pande za Kibondo, ambacho sitakitaja, nikiwa tabibu mpya mwenye koti lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinipitisha wodini akanipa sheria yake: "Kijana, mgonjwa aliyelala hapimiki. Raundi ikianza, wote wawe macho." Basi kila asubuhi wauguzi waliwaamsha wagonjwa, ndugu wakawafuta nyuso na kuwakalisha. Niliipenda sheria ile, maana ilinifanya nijione mkubwa.

Miaka michache baadaye aliletwa mkulima wa Busunzu, Mzee Yohana, aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Nilimpima shinikizo la damu, nikammulika mboni kwa tochi, nikamwambia anyanyue mkono. Kila siku nilimkuta amekalishwa, anasinzia, na kila siku niliandika "anaendelea vizuri". Mkewe, Mama Domitila, alikuwa na neno lake.

"Yewe muganga, akilala pumzi inakatika. Inakaa, inakaa, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Njoo umtazame sasa hivi, amelala."

"Mama, anakoroma tu. Anayekoroma kapata usingizi mzuri."

Alinifuata mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nakula, nikakasirika. Nikamwandikia mzee vidonge vya usingizi ili asishtuke, nikawaruhusu kwenda nyumbani. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lile lilikuwa langu. Siku ya nne tukaletewa habari kwamba Mzee Yohana hakuamka.

Tulisema kiharusi kimemrudia. Nami niliamini hivyo mpaka nilipohamishiwa Kasulu, ambako alitutembelea daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole. Muuguzi alipotaka kumwamsha mgonjwa wa kiharusi, yule mama alimzuia. Alivuta kiti, akakaa, akawa anatazama saa yake. Mgonjwa alikoroma, akanyamaza, kifua kikawa kinahangaika bila hewa kupita, kisha akashtuka.

"Misuli ya koo imelegea," alisema. "Akilala chali, njia ya hewa inaziba. Mlazeni ubavu. Na dawa za usingizi msimpe, zitamzidishia."

Alikaa pale dakika kumi tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikatoka nje nikijidai nafuata faili.

Sasa nimestaafu, niko Makere, nalima maharage na mihogo. Majuzi Mama Domitila alipanda gari kutoka Busunzu, akaniulizia mpaka akanipata. Alinisalimu kwa mikono miwili. Alisema mdogo wake naye amepatwa na kiharusi, anakoroma na kushtuka.

"Muganga, tuandikie vile vidonge. Yohana siku zake za mwisho alilala kwa amani. Sijakusahau kwa hilo."

Vijana mnaosoma haya, natamani ningeweza kuwaambia kwamba nilisema kweli. Nilimwambia dawa ile siku hizi haitolewi. Nikamfundisha kumlaza mdogo wake ubavu, nikaandika barua ampeleke nayo hospitalini, wamtazame akiwa usingizini. Mama Domitila akakunja goti, akaniombea baraka, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nami, mzee mzima, nikaitikia amina.