Mkanda wa Direkta Norbert

Tangu Direkta Norbert aondoke, njia ya mchanga inayotoka soko la Baraka hadi ziwani imepungukiwa sauti moja. Kila saa kumi na moja jioni ilisikika, yenye pumzi fupi: "Pardon, imbwa inavuta!" Sasa pikipiki zinapita, wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wanapita, na saa hiyo nayo inajipitia tu, tupu kama darasa wakati wa likizo kubwa.

Norbert aliongoza shule ya msingi miaka ishirini na sita, na alipostaafu, mwili wake ulistaafu kwa bidii kuliko yeye. Muuguzi alimpima, akamwambia ana sukari: atembee saa nzima kila siku, apunguze bugali, la sivyo macho yataanza kufifia. Norbert alimweleza mkewe Dorothée na binti yao Ketsia tu, akawaapisha wote wawili. Direkta mzima ahesabiwe matonge mbele za watu!

Kutembea nako kulikuwa na aibu yake. Mjini Baraka mtu mzima hatembei bure. Akipita bila jembe, bila mfuko, bila kesi wala msiba, kila mlango utamuuliza anaenda wapi, na akijibu kwamba haendi popote, wataanza kumhurumia. Basi Norbert akajitafutia sababu yenye miguu minne: mbwa mwekundu, mbavu nje, jina lake Ministre, yaani Waziri.

Mwanzoni alimshika kwa kamba mkononi. Siku hiyo hiyo mambo yakaharibika. "Direkta, karibu bugali!" Nyumba nne, viti vinne, sahani nne, maana mtu hakipiti chakula cha jirani bila kuonja. Alirudi ameshiba kuliko alivyotoka.

Ndipo akaunda kifaa chake. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akaushona ukawa mkanda mpana wa kiunoni. Akafungia kamba ya nyavu, mita tatu, na upande wa pili akamtengenezea Ministre mkanda wa kifua, ili avute kwa nguvu zote asijinyonge. Ministre akavuta. Norbert akazipita sahani zote nusu akikimbia, akipunga mkono kama abiria wa dirishani.

"Direkta, ni we unatembeza imbwa, ao imbwa iko nakutembeza?" aliuliza Mama Marthe, muuza ndagala wa kona ya mwisho.

"Pardon, mama! Inavuta!"

"Mi naona. Kesho nami nitafunga bwana yangu vile!"

Kwa miezi mitatu suruali ikazidi kumlegea. Kwa bahati mbaya, Mama Marthe alikuwa amezoea kumrushia Ministre vichwa vya samaki. Jioni moja mbwa akafika kwenye kona ile, akaketi. Norbert akasonga mbele. Mpira ukarefuka, ukafikiri, ukamrudisha palepale. Bugali wa Mama Marthe ulikuwa tayari mezani, unafuka mvuke, pembeni sombe, yale majani ya muhogo.

"Imbwa imekataa kuvuta, Direkta. Sasa utasema nini?"

Norbert alisimama na kiuno chake kimefungwa. Akikataa, amemtukana mama wa watu. Akila, anayala macho yake mwenyewe.

"Mama Marthe," alisema polepole, "mi niko na sukari."

"Tunajua." Marthe alikuwa ameshaanza kumega bugali kuurudisha chunguni na kuongeza sombe. "Muntu gani na akili yake anajifunga imbwa mu kiuno bure? Tulikuwa tunangoja useme weye mwenyewe. Ikala, ukule majani."

Akaketi, akala majani. Alipofika nyumbani alimpigia simu Ketsia, ambaye tangu sukari igunduliwe alikuwa akimsihi ahamie kwake, karibu na matibabu, na kila mara akijibiwa kwamba watu watauliza kwa nini.

"Waulize tu," alisema Norbert.

Tangu Februari anaishi Nundu kwa Ketsia, pamoja na Dorothée na Ministre, nyumba ya tatu kutoka hospitali, na hupimwa sukari kila Jumatatu.